Kungoja Jina Litakate

Kwa Mama Povu nguo huingia chafu na kutoka safi kwa mlango uleule mmoja, na kati ya kuingia na kutoka kuna mtu ambaye wateja hawamwoni. Yuko chumba cha nyuma, nyuma ya pazia la bluu, na meza yake ya pasi inatazama ukuta. Wenzake wa mashineni wanamwita Mzee Pasi, ingawa uzee wenyewe bado. Ni mvi tu zilizomwahi. Meza hiyo aliigeuza mwenyewe siku ya kwanza ya kazi. Mama Povu alipomuuliza kwa nini asiielekeze dirishani apate hewa, alijibu kuwa mwanga unamwumiza macho. Uongo mtupu. Macho yake ni mazima, huona pini iliyoanguka sakafuni akiwa mlangoni.

Mama Povu ni mnene wa mwili na wa sauti, na dobi lake lina sheria moja anayoisimamia kuliko hata malipo: mfuko wa nguo ni siri ya mwenye nguo. Kila mfuko unageuzwa kabla nguo haijalowekwa, na kinachopatikana humo, kiwe kitufe, kiwe pete, kiwe tiketi iliyokwisha kazi, kinatiwa kwenye kifuko cha plastiki na kubanwa kwa pini kwenye nguo hiyohiyo ikishapigwa pasi.

"Tukianza kuchagua cha kurudisha na cha kutupa," husema, "kesho tutachagua cha kurudisha na cha kubaki nacho."

Kazi ya kugeuza mifuko Mzee Pasi aliiomba mwenyewe. Na katika vyote anavyovikuta, hakuna anachokirudisha kwa mapenzi kama ufunguo. Huushika kwanza, akaupima kiganjani. Huu wa kabati. Huu wa kufuli la bei poa, ambalo mtu mwenye kijiko na subira kidogo angelifungua. Huu umechongwa na fundi mwenye haraka zake, jino la tatu limepinda. Anao msasa mdogo ndani ya droo. Husugua palipokwaruza, akaufuta ufunguo kwa pindo la shati lake, akaupaka unga wa risasi ya penseli ili usikwame kwenye tundu, kisha ndipo autie kifukoni. Wateja wengi hapo mtaani wamewahi kushangaa mlango uliokuwa ukiwasumbua mwaka mzima umeanza kufunguka kwa adabu, wasijue wamshukuru nani.

Maana Mzee Pasi alikuwa fundi kufuli. Hilo Mama Povu analijua, kwa kuwa alimwambia kila kitu kabla ya kuajiriwa, na Mama Povu akasema, "Mimi nimeuliza kama unajua kupiga pasi." Wengine hawajui.

Aliyemfundisha ufundi alikuwa mjomba wake, mtu mfupi, mkali, mwenye mdomo uliokuwa haupumziki. Somo la kwanza halikuwa la kufuli hata kidogo. "Kabla hujatoa zana," mjomba alimwambia, "shika kitasa. Nusu ya milango utakayoitiwa iko wazi. Watu wakishaamini wamefungiwa hawajaribu tena." Kijana alidhani ni utani, hadi siku walipoitwa na bwana mmoja aliyekuwa amelala kwa jirani kwa kukosa kuingia kwake. Mjomba alishika kitasa, akakinyanyua kidogo, mlango ukafunguka. Bwana yule alikasirika kana kwamba ameibiwa.

Basi jioni moja, mjomba akiwa keshafariki na kibanda cha ufundi kikiwa chake, alikuja mwanamume nadhifu, suruali ya kitambaa, mkate mkononi. Akasema amefungiwa nje, ufunguo kaupoteza, watoto wanakaribia kurudi. Fundi akaenda naye. Alishika kitasa kwanza, kama alivyofundishwa; mlango ulikuwa umefungwa kweli. Akaufungua vizuri, bila kukwaruza hata rangi, akarudi zake kibandani. Nyumba haikuwa ya yule mtu. Wenyewe waliporudi walikuta kuta tupu, na mezani mkate mzima haujaguswa.

Yule nadhifu hakuonekana tena. Aliyeonekana ni fundi, maana majirani walimwona na zana zake, na kufuli lenyewe lilionyesha kuwa limefunguliwa na mtu anayejua. Mahakamani alipopewa nafasi ya kujitetea, alichoweza kusema ni hiki: "Lakini alikuwa na mkate! Nani anakwenda kuiba na mkate mkononi?" Watu wakaangua kicheko, hakimu naye akainama kutafuta kalamu isiyopotea. Akapewa miaka miwili. Gerezani kisa kilimtangulia, na jina la Mkate likamganda tangu siku ya kwanza.

Wakati huo alikuwa na binti wa miaka minne. Mama wa mtoto alifariki mtoto hajaota meno, na dada mkubwa wa marehemu, yaani shemeji yake, ndiye aliyemchukua. Usiku wa kwanza kitandani, na usiku mwingi uliofuata, Mkate hakuwaza njaa wala kunguni. Aliwaza jambo moja: siku mtoto huyu atakapojazwa fomu ya shule, pale penye jina la baba, mtu atasema, ah, yule mwizi.

Kitanda cha juu yake alilala mfungwa waliyemwita Wakili. Hakuwa wakili, aliwahi kufagia ofisi ya mawakili, akaokota maneno. Lakini gerezani mwenye maneno ndiye mwenye shahada, na wafungwa walimpangia foleni. Mkate naye alimuuliza swali lake: doa hili hukaa kwenye jina la mtu muda gani?

Wakili alifikiri kwa madaha, macho kwenye dari.

"Inategemea kosa," akasema. "Kosa la mlango ni miaka ishirini. Ishirini kamili, hujagombana hata na kuku. Halafu linafutika."

"Na nikienda kuuliza, wataniambia imebaki mingapi?"

"Thubutu! Usiulize kabisa. Ukiuliza wanafungua faili, na faili likifunguliwa hesabu inaanza upya. Wangapi wamerudishwa sifuri kwa kiherehere."

Mkate akashukuru, akampa kipande chake cha sabuni.

Wahenga wamesema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakulala gereza lile. Mkate alitoka na ishirini yake kifuani kama mtu aliyebeba yai. Siku ileile alikwenda kwa shemeji, akasimama nje ya uzio, akakataa kuingia. Ndani sauti ya mtoto ilikuwa ikimkemea paka.

"Ingia umwone mwanao," shemeji akamwambia.

"Sitaingia na uchafu huu. Mwambie niko mbali kikazi. Siku jina langu likitakata nitakuja mwenyewe, kwa miguu yangu, na cheti mkononi."

"Mtoto atakula cheti?"

"Shemeji, nakuomba."

Shemeji ni mwanamke wa maneno machache, na pale aliyamaliza yote asifanikiwe. Jambo moja tu Mkate aliliomba, na hilo alipewa: akishapata kazi, nguo za mtoto aletewe azipige pasi. Zana za ufundi aliziuza. Aliapa hatagusa kufuli la mtu mpaka awe safi. Mama Povu akampa meza, meza ikageuziwa ukutani, Mkate akawa Mzee Pasi.

Hivyo ndivyo alivyomlea binti yake, kwa pasi. Kila wiki shemeji alipita na mfuko, na yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuvuka pazia la bluu. Mzee Pasi alijua mwanawe anapanda miti, kwa sababu makwapa ya blauzi yalichanika kila muhula. Alijua anaandika kwa mkono wa kushoto kama mama yake, kwa wino uliochafua mkono huo wa shati. Kila sketi ilipokuja fupi aliufumua upindo, akaushusha, akaushona tena, na kwa kuutazama upindo aliusoma urefu wa mtoto. Marinda aliyapiga moja moja, nje na ndani, hata pale ambapo hakuna jicho linalofika. Sketi ile ikisimama mstarini shuleni ungedhani imekatwa kwa kisu.

Sura yake hakuijua. Alizijua shingo, mabega, kiuno. Kuna siku chumbani kwake alijaribu kuviweka pamoja apate mtu, akashindwa kichwa, akazima taa.

Chumba chenyewe ni cha kupanga, mwisho wa ujia, kina kitanda, sahani moja na redio. Mganga hajigangi: mlango wa fundi kufuli una komeo la waya. Jirani wa mkono wa kulia hajui jina lake, wa kushoto anamdhania bubu. Jumapili, dobi likifungwa, hukaa kitandani na kusikiliza watu wengine wakiamkiana uani. Upweke wake hakumlaumu mtu kwa ajili yake. Aliuona kama sehemu ya hesabu: kila siku ya kunyamaza ilikuwa siku iliyolipwa.

Binti alipofika sekondari aliingiwa na usahaulifu. Mzee Pasi alianza kukuta ufunguo mfukoni mwa sketi, wa mlango wa mbele wa shemeji, wa shaba, meno yamelika. Alicheka peke yake nyuma ya pazia. Marehemu naye alikuwa hivyohivyo. Angeweza kusahau kichwa kama kisingeshikizwa shingoni. Aliusugua, akaufuta, akaupaka penseli, akautia kifukoni, akaubana na pini kiunoni mwa sketi. Wiki nyingine ukaja tena. Na tena. Ikawa furaha yake ya siri, kuukuta ule ufunguo na kuuwazia joto la mkono wa mwanawe. Wiki ambayo haukuwemo alihisi amepunjwa. Na kila ulipokuja aliurudisha, kwa kuwa sheria ni sheria, na kwa kuwa katika watu wote duniani ni yeye asiyetakiwa kukutwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake.

Sare zikaisha, zikaja blauzi za kazini. Ikaja nguo ya harusi, ambayo aliipiga pasi kwa nusu siku, mlango wa chumba cha nyuma umefungwa, na Mama Povu akawaambia wateja kuwa mashine imeharibika. Shemeji alimwambia, "Njoo usimame nyuma ya watu tu." Akasema bado. Hakufafanua bado ya nini. Wakili alimkataza kuuliza, na yeye aliamini hata kutaja kunaweza kuharibu. Shemeji alikuwa amechoka kubishana na ukuta. Binti akaolewa, akakaa na mumewe vyumba viwili vya uani palepale kwa shemeji, na mfuko wa nguo ukaendelea kuja.

Ndipo mwezi huu, Jumatatu, Mzee Pasi akatoa mfukoni gauni pana, limerushwa marinda chini ya kifua. Aliliweka juu ya meza, pasi ikiwa mkononi. Alijua kusoma nguo.

"Wa mwezi wa ngapi?" akauliza.

"Wa sita," shemeji akasema. Kisha akavuta stuli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Na liko lingine. Mumewe kahamishwa. Mbali, safari ya siku mbili barabarani. Jumamosi wanapakia."

Mzee Pasi akaitua pasi. "Imebaki miaka miwili."

"Ya nini?"

"Ya jina langu kutakata. Imebaki miwili tu, shemeji. Hawawezi kungoja?"

"Wangoje nani? Hata mimi leo ndiyo nasikia kuna hesabu." Shemeji akamkazia macho. "Uliwahi kwenda kuuliza?"

"Haiulizwi. Ukiuliza inaanza upya."

"Nani kasema?"

"Mtu anayejua."

Shemeji akainuka. Pale penye pazia aligeuka. "Wewe umeng'ang'ania subira huvuta heri. Na mimi nakwambia ngojangoja huumiza matumbo. Jumamosi, shemeji."

Usingizi ulimpaa siku hiyo. Akienda kuuliza, miaka yote kumi na minane inaweza kumwagika, na maji yakimwagika hayazoleki. Asipoenda, mtoto anaondoka, na mjukuu atazaliwa mahali ambapo hata nguo zake hazitamfikia. Kulipopambazuka alikuwa amekata shauri. Akamwomba Mama Povu ruhusa ya siku moja, ya kwanza tangu aajiriwe.

"Umepata mchumba?" Mama Povu akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mashineni.

"Nakwenda polisi."

Mama Povu akaacha kucheka. "Basi vaa shati la maana," akasema.

Ofisi inayotoa vyeti vya tabia njema ilikuwa na mabenchi matatu na feni moja isiyozunguka. Vijana wengi walikuwa hapo kwa ajili ya ajira, wakizungumza kwa sauti kama watu ambao majina yao hayajawahi kuwapa shida. Mzee Pasi alikaa pembeni. Zamu yake ilipofika alimkuta karani wa kike mwenye mafua, leso mkono mmoja, mkono mwingine kwenye kompyuta.

"Shikamoo. Kitambulisho."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba kupunguziwa."

"Kupunguziwa nini?"

"Miaka miwili iliyobaki. Nina kifungo. Kosa la mlango."

Karani akachukua kitambulisho, akaandika jina, akangoja, akapiga chafya. Akampaka wino vidoleni, akalinganisha alichokuwa analinganisha, akatazama tena kioo cha kompyuta.

"Hapa huna kitu, mzee."

"Ninacho. Tazama vizuri."

"Nimetazama."

"Labda umekosea jina. Mimi nilifungwa, mwanangu. Nilikaa ndani miaka miwili."

Kijana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alicheka. Ni kweli kwamba hakuna aliyewahi kuonekana pale akigombea kuwa mhalifu. Karani aliweka leso chini.

"Ulitoka lini?"

Mzee Pasi akamwambia.

"Basi ndiyo hiyo. Kifungo cha miaka miwili, mtu akikaa miaka kumi bila kosa jingine, kinafutika chenyewe. Huombi, hulipi, hupigi magoti. Chako kilifutika zamani."

"Kumi?"

"Kumi."

"Na sasa nimeuliza... hesabu haianzi upya?"

"Mzee, hii ni ofisi, si mchezo wa karata. Nani alikwambia hivyo?"

"Wakili."

"Wakili wa wapi huyo?"

Mzee Pasi akatazama vidole vyake vyenye wino. "Alikuwa kitanda cha juu yangu," akasema.

Karani hakucheka, na Mungu amlipe kwa hilo. Alimwambia cheti achukue Ijumaa.

Nje kulikuwa na ngazi za simenti, akakaa ya chini kabisa. Kitu cha kwanza kumjia hakikuwa furaha. Ilikuja sauti ya mjomba, ile sauti kali ya kibandani: shika kitasa. Miaka minane. Kwa miaka minane mlango ulikuwa wazi naye amekaa nje yake, fundi mzima, hajanyoosha hata mkono. Angeweza kufika kwenye mahafali. Angeweza kusimama kwenye harusi, mbele kabisa, akiwa amevaa suti. Wakili alidanganya, sawa. Lakini Wakili alimdanganya mara moja tu, na siku zote zilizofuata alijidanganya mwenyewe. Akalia pale ngazini mchana kweupe, watu wakimruka. Mwanamke mmoja alimwekea chupa ya maji kando, akapita zake.

Jumamosi alipofika kwa shemeji, lori lilikuwa limeegeshwa nje ya uzio, nusu limejaa. Mkwewe, kijana mrefu mwenye jasho, alikuwa juu akifunga kamba, akamwamkia bila kumjua. Shemeji alimwona kutoka jikoni. Alimwonyesha kwa kidevu chumba cha uani.

Chumba kilikuwa kitupu. Binti alikaa juu ya sanduku, viatu amevua, miguu imevimba. Kumbe ana paji pana la uso kama la mama yake, na masikio ya baba yake. Alimtazama baba yake akiwa mlangoni, shati limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe.

"Shikamoo, baba," akasema. "Nilijua utakuja siku tusiyo na viti."

"Unanijua?"

"Nani mwingine anapiga marinda hadi ndani? Shuleni walimu walikuwa wananiuliza dobi langu. Nikamuuliza mama mkubwa, naye hawezi kudanganya, anaanza kukohoa. Nilikuwa kidato cha pili." Alisema kama mtu asomaye habari ya watu wengine. "Nikaja hadi pale dobi. Nilisimama ng'ambo ya dirisha, nikakuona mgongo. Nikasema, kama ameamua kunipa mgongo, siingii mimi. Atakuja mwenyewe."

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mzee Pasi alitafuta la kusema, akapata cheti tu. Akamkabidhi kwa mikono miwili. Binti alikisoma taratibu, kidole kikifuata mistari.

"Hiki ndicho ulichokuwa unakingoja?"

"Ndicho."

"Cha jana."

Ni kweli, tarehe ilikuwa ya jana. Angeweza kunyamaza. Angesema ndiyo, kimetoka jana, na leo nimekuja mbio. Na binti angebaki na baba aliyechelewa siku moja. Aliuona wazi uongo huo, jinsi ulivyo mwepesi, na jinsi karatasi yenyewe ilivyokuwa tayari kumtetea.

"Cheti ni cha jana," akasema. "Jina lilitakata miaka minane iliyopita. Sikujua. Niliogopa kuuliza."

Nje mkwe aliita mtu amsaidie kunyanyua godoro. Binti alihesabu, midomo yake ilionekana ikihesabu.

"Miaka minane," akasema, "ndiyo nilikuwa kidato cha pili. Ndipo nilipoanza kukuwekea ufunguo."

"Ufunguo?"

"Mfukoni mwa sketi. Nilijua wewe ndiye unayegeuza mifuko. Nikasema, hataki kubisha hodi, basi asibishe. Achukue ufunguo, aingie siku atakayotaka." Akajifuta uso kwa kiganja cha kushoto. "Kila mara ulirudisha. Na pini juu."

"Nilidhani unasahau."

"Mtu husahau mara ngapi, baba?"

Mzee Pasi alikumbuka alivyokuwa akiusugua na kuufuta, akicheka peke yake, akimpenda mwanawe kwa usahaulifu ambao hakuwa nao.

Honi ya lori ikapigwa. Binti akavaa viatu. Viligoma, na Mzee Pasi akapiga goti akamsaidia, naye akamwachia. Alipoinuka alimshika baba yake bega ili asiyumbe, akauacha mkono hapohapo begani kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Nina hasira na wewe," akamwambia. "Nitakuwa nayo njia nzima, na huko nitakuwa nayo."

"Ni haki yako, mwanangu."

"Mtoto akizaliwa uje. Usije na karatasi."

Akatoka. Mzee Pasi alimsikia akimwambia mumewe jambo, mume akageuka kutazama uani, akashuka, akaja kumwamkia upya, mara hii kwa kuinama na mikono miwili. Kisha milango ya lori ikabamizwa, likaondoka, na vumbi likatulia juu ya majani ya uzio.

Alibaki amesimama kwenye chumba kitupu. Ukutani palikuwa na alama ya kitanda, sakafuni kibanio cha nywele. Shemeji alikuja akiwa na ule ufunguo wa shaba, meno yamelika, akamwekea kiganjani.

"Kaniachia nikupe," akasema. "Chumba hiki hakina mtu. Usiku mwingine ukichoka na huko kwako, njoo ulale."

"Asante, shemeji."

Shemeji alirudi jikoni. Alipochungulia tena baadaye, alimkuta Mzee Pasi angali palepale, ameshaufuta ufunguo kwa pindo la shati, na mkono wa pili unapapasa mfuko mmoja hadi mwingine.

"Unatafuta nini?"

Mzee Pasi naye ndiyo kwanza alikuwa akigundua.

"Kifuko," akasema. "Na pini."